Mtumishi wa Nyumbani Anapokataa Kuondoka

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi la Lupembe)



Mliniomba niseme juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu amelisikia mlangoni pa jirani, na pengine mlangoni pake mwenyewe: mtumishi wa nyumbani aliyekwisha kuambiwa kuwa kazi imekwisha, naye amekaa chumbani hataki kutoka. Mwenye nyumba auliza, "Nifanyeje ili atoke?" Swali hilo nitalijibu. Lakini kwanza yatupasa kuuliza jingine lililo nyuma yake, nalo ni hili: "Kwa nini hatoki?" Kwani asiyelijua jibu la swali la pili hawezi kulitumia jibu la kwanza bila ya kujiletea hasara na aibu.

Jambo hili latuhusu sisi wa Lupembe kwa pande mbili. Upande mmoja, walimu, waganga, mabwana shamba na makarani tulio hapa tunao watumishi majumbani mwetu wa kulea watoto, kupika, kuchota maji na kuchanja kuni, maana hapana awezaye kuwa darasani na jikoni kwa wakati mmoja. Upande wa pili, watoto wa tarafa hii ndio wanaotafutwa na wengine. Nenda Makambako, pale barabara ya Songea inapokutana na barabara kuu iendayo Dar es Salaam, uwatazame wasichana wanaopanda mabasi wakiwa na mfuko mmoja mkononi. Mtu wa Dar es Salaam akitaka yaya, aghalabu huambiwa aagize Iringa au Njombe. Basi yule anayekataa kutoka katika nyumba ya mtu huko Kinondoni au Temeke huenda akawa binti yetu. Kipimo tutakachomtumia mtumishi wetu hapa ndicho tutakachotaka binti yetu apimiwe kule.

NYUMBA ILIYOFUNGWA PAMOJA NA KAZI

Mtumishi akaaye kwa tajiri wake si mpangaji, kwani halipi kodi. Si mgeni, kwani anafanya kazi. Wala si jamaa, ijapokuwa watoto humwita dada. Amepata chumba kwa sababu ya kazi, na kazi ikikoma haki yake ya chumba nayo yakoma. Tajiri asemaye hivyo asema kweli. Walakini kazi haikomi kwa kelele za jikoni. Hukoma kwa taarifa, kwa sababu ya haki, na kwa hesabu iliyolipwa.

Sisi tukaao katika nyumba za Serikali twalijua jambo hili kuliko watu wengine. Mwalimu akihamishwa kutoka shule moja hadi nyingine, je, huondoka siku ileile na godoro kichwani? La. Huuliza posho yake ya uhamisho na gharama ya kusafirisha mizigo. Na mtumishi wa Serikali astaafuye hungoja nauli ya kumrudisha kwao pamoja na jamaa zake. Akiambiwa aiache nyumba leo na nauli ataipata mwakani, husema ameonewa, na wote humwonea huruma. Hapana amwitaye mkaidi. Basi neno tunalolisema kwa ajili yetu wenyewe, na tulikubali pia kwa yule alalaye katika chumba cha nyuma.

Tena desturi hii si ngeni kwa wazee wa huku. Babu zetu wengi walikwenda kwenye mashamba ya mkonge, wakaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba hayo waliunda ofisi yao ya kuajiri, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na Njombe ilikuwa mojawapo ya nchi walikotafutwa watu. Siwasifu walioandika mikataba ile, maana kazi ilikuwa ngumu, mshahara mdogo, na wengi walisukumwa na kodi ya kichwa. Lakini mtu wa mkataba alikuwa na karatasi, na gharama ya kumrudisha kwao baada ya muda wake ilikuwa juu ya waliomchukua. Leo mjukuu wake hupanda basi hana karatasi yoyote, amechukuliwa na mtu aliyesema ni shangazi wa rafiki. Ni ajabu ya kutufikirisha, kwamba manamba alijua atarudije kwao, na dada wa kazi hajui.

Wala watumishi wa nyumbani si watu wasioweza kusema. Mwaka 1939 wale wa Dar es Salaam, wapishi, madobi na watumishi wengine wa nyumbani, waliunda chama chao wenyewe. Siku hizi chama cha CHODAWU huwaandikisha wafanyakazi wa majumbani pamoja na wa hoteli na hifadhi.

SABABU ZA KUTOTOKA

Nimezipanga sababu hizo katika mafungu manne.

Kwanza ni mshahara uliowekwa. Tajiri humwambia msichana, "Mimi nitakutunzia fedha zako, ukienda kwenu utazipata zote pamoja." Wengine husema hivyo kwa nia njema. Lakini mwaka ukipita, fedha zile zimekwisha kulipa ada ya shule na kununua mabati, na siku ya kuachana hazipo. Msichana hana hati wala shahidi. Amana yake imo ndani ya nyumba ile, naye ajua kuwa akiuvuka mlango hatairudia tena. Basi hukaa, kwa kuwa kukaa ndiyo dhamana pekee aliyo nayo.

Pili ni nauli. Mtu aliyetolewa Lupembe, akapelekwa Dar es Salaam, akaambiwa kazi imekwisha saa mbili usiku, aende wapi? Hana ndugu mjini, na hata njia ya kwenda kituo cha mabasi haijui.

Tatu ni ubishi juu ya sababu yenyewe. Ameambiwa ameiba, au amejibu vibaya, wala hakusikilizwa. Aona kuwa akiondoka kimya atakuwa amekiri.

Nne ni ukaidi wa kweli. Amelipwa yote, amepewa nauli, naye ataka tu kukaa, au kutisha, au kuharibu. Wapo watu wa namna hii, nami sitawaficha. Lakini asimtie mtu katika fungu la nne kabla hajahakikisha kuwa hayumo katika matatu ya kwanza.

SHERIA YASEMAJE

Zamani za Waingereza palikuwa na sheria ya mwaka 1923 juu ya mabwana na watumishi, na jina lake lenyewe laonyesha ni nani aliyewekwa juu. Sheria inayotuhusu leo katika Tanzania Bara ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Mtumishi wa nyumbani ni mwajiriwa kwa sheria hiyo, sawasawa na karani wa kampuni. Unguja na Pemba wana sheria yao ya mwaka 2005. Yaliyo ya lazima kwetu ni haya:

1. Taarifa. Mtumishi wa mshahara wa mwezi aliyekwisha kupita mwezi wake wa kwanza hupewa taarifa ya siku zisizopungua 28, kwa maandishi, yenye kueleza sababu. Akiachishwa ndani ya mwezi wa kwanza, siku 7 zatosha. Tajiri asiyetaka akae siku hizo aweza kumlipa mshahara wake badala ya taarifa.

2. Mshahara wa siku zote alizofanya kazi, na malipo ya likizo asiyoichukua. Likizo ni siku 28 kwa mwaka, nayo ni haki ya yaya kama ilivyo ya mwalimu.

3. Kiinua mgongo cha kuachishwa. Aliyetumika miezi 12 mfululizo au zaidi, akaachishwa na tajiri, hupata mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Aliyeachishwa kwa haki kwa ajili ya utovu wa nidhamu hakipati.

4. Safari. Mtumishi akiachishwa mahali pasipo pale alipoajiriwa, tajiri humsafirisha yeye na vitu vyake hadi alikotolewa, au humlipia usafiri huo, au humpa posho isiyopungua nauli ya basi hadi kituo kilicho karibu na kwao.

5. Cheti cha kazi, ili aweze kupata kazi nyingine.

Fungu la nne lina jambo ambalo wengi hawalijui. Posho ya safari hiyo huenda pamoja na posho ya kujikimu kwa siku zote zilizo kati ya siku ya kuachishwa na siku ya kusafirishwa. Tafadhali lifikirini neno hili. Tajiri asiyelipa nauli hulalamika kuwa mtumishi amekaa kwake bure wiki tatu. Kumbe machoni pa sheria kila siku ya wiki hizo huongeza deni la tajiri. Dawa ya deni ni kulipa, na hapa kulipa mapema ndiko kulipa kidogo.

Lakini nisimpe mtumishi zaidi ya haki yake. Haki ya kusafirishwa ni ya yule aliyetafutwa na tajiri au wakala wake. Aliyekwenda mjini kwa miguu yake mwenyewe akabisha hodi akiomba kazi, huyo ameajiriwa palepale mjini.

Tuchukue mfano. Tuseme msichana ametolewa Lupembe kwa kuagizwa, akakaa na tajiri Dar es Salaam miaka 6 kamili, na sasa tajiri hamhitaji tena kwa kuwa watoto wamekua. Hesabu yake ni mshahara wa mwezi huu, siku 28 za taarifa au malipo yake, likizo ambazo hakuzichukua, mshahara wa siku 42 wa kuachishwa, na nauli hadi kituo cha mabasi kilicho karibu na kwao. Ikiwa mshahara wake uliwekwa, na huo wote utolewe. Fedha hizi huonekana nyingi kwa sababu zimelimbikizwa. Lau zingalilipwa kila mwezi na likizo ikatolewa kila mwaka, iliyobaki siku ya mwisho ingalikuwa ndogo.

Juu ya kiasi cha mshahara, amri ya Serikali iliyoanza kutumika Januari 1, 2023, iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kuwa kima cha chini cha mtumishi akaaye nyumbani mwa tajiri, na shilingi 120,000 kwa yule asiyekaa humo. Amri iliyotangulia, ya mwaka 2013, iliweka shilingi 40,000 na 80,000. Watumishi wa mabalozi, wa wafanyabiashara wakubwa na wa maafisa wakuu wana viwango vya juu zaidi. Amri mpya ilitolewa mwaka 2025, basi kila mmoja na aulize kwa Afisa Kazi kiwango cha sasa kabla ya kupiga hesabu.

Tena msiseme, "Hatukuandikiana, hana ushahidi." Sheria yamtaka mwajiri aandike masharti ya kazi. Shauri likifika mbele na tajiri hana maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa humwangukia yeye. Karatasi asiyoiandika tajiri humdhuru tajiri.

YASIYOFAA KUTENDWA

Nimesikia njia nyingi ambazo watu huzitumia ili mtumishi atoke. Humtupia nguo uani, humfungia chakula, hung'oa mlango wa chumba, huchukua simu yake, huita vijana wamburute, humsingizia wizi ili alale kituoni. Njia hizi ni kosa, na nyingine ni jinai. Aliyekuwa anadai mshahara wa miezi miwili huwa sasa adai pia fidia ya kupigwa na kudhalilishwa.

Kama kweli ameiba, shauri la wizi liende polisi peke yake. Wizi unaodhaniwa hauruhusu kuuzuia mshahara. Hata hasara iliyothibitika kazini haikatwi vivi hivi tu: pawe na makubaliano ya maandishi, mtumishi awe amesikilizwa, na makato yasizidi robo ya mshahara.

Na kama mtumishi huyo ni mtoto, tahadhari iwe kubwa zaidi. Sheria haimruhusu mtoto aliye chini ya miaka 14 kuajiriwa kabisa. Aliyemchukua hawezi kulisahihisha kosa lile kwa kumtoa nje usiku. Aende kwa Afisa Ustawi wa Jamii, mtoto arudishwe mikononi mwa wazee wake, na mtu mzima amsindikize.

Mataifa nayo yameliona jambo hili. Mwaka 2011, huko Geneva, Shirika la Kazi la Dunia lilipitisha Mkataba Namba 189 juu ya wafanyakazi wa majumbani, pamoja na Pendekezo Namba 201. Pendekezo hilo lasema kuwa mtumishi akaaye nyumbani kwa tajiri, akiachishwa bila ya kosa kubwa, apewe taarifa ya muda wa kutosha, na ndani ya muda huo apewe nafasi ya kutafuta kazi na mahali pa kukaa. Maana anayepoteza kazi hii hupoteza pia kitanda chake siku hiyohiyo. Na kwa wenzetu waliokwenda Oman na nchi za Ghuba shida hugeuka: wapo waliozuiwa kutoka, pasi zao zikashikwa. Huyu afukuzwa, yule afungiwa, na chanzo ni kimoja, yaani mkono mmoja kushika mshahara, paa na njia ya kurudi.

NJIA YA KUFUATA

Sasa nalijibu swali mliloniuliza. Mwenye nyumba na afuate hatua hizi kwa utaratibu wake.

Kwanza, mkalishe chini mchana, si usiku, mbele ya mtu mzima anayemwamini, umweleze sababu na umsikilize. Wapigie simu wazee wake, kwani walikupa binti na ni haki yao kusikia kwako.

Pili, mpe barua ya taarifa yenye tarehe, pamoja na hesabu ya malipo iliyoandikwa fungu kwa fungu. Asiyejua kusoma asomewe na mtu asiye wa nyumba yako.

Tatu, mlipe mbele ya mashahidi, atie sahihi au dole gumba, nawe umpe nakala. Mjumbe au mwenyekiti wa kijiji au mtaa afaa kuwa shahidi. Umpe na cheti chake, na nauli au tikiti.

Nne, akibisha hesabu au sababu, msigombane. Afisa Kazi yupo kwa ajili ya kushauri, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi iliwekwa na sheria ya mwaka 2004 kwa mashauri ya namna hii. Mtumishi anayelalamikia kuachishwa hupeleka shauri ndani ya siku 30, na madai mengine ndani ya siku 60. Umwambie hivyo wewe mwenyewe. Watu wengi hutoka kwa amani wakijua kuwa kutoka nyumbani si kuipoteza haki, na kwamba pana mlango mwingine wa kuidai.

Tano, ikiwa amelipwa yote, ameonyeshwa njia ya kulalamika, na bado hataki kutoka, basi hapo ndipo ukaidi unapodhihirika. Mwandikie barua ya kumtaka aondoke kwa siku iliyotajwa, nakala kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji au mtaa. Siku ikipita, lipeleke shauri mbele ya mamlaka ya sheria ili atolewe kwa amri. Akitisha watu au kuharibu mali, waite polisi, maana abakiaye katika nyumba ya mtu kinyume cha haki, kwa nia ya kutisha, kutukana au kuudhi, aweza kuwa na kosa la jinai. Mwenye barua zake na mashahidi wake husikilizwa, na asiye nazo huonekana yeye ndiye mkorofi.

Najua wapo watakaosema, "Mshahara wangu mwenyewe hautoshi, nitawezaje kutimiza yote hayo?" Neno hilo nalifahamu, nami si tajiri kuliko ninyi. Lakini asiyeweza kulipa mtumishi kwa sheria hana ruhusa ya kumtumia kinyume cha sheria. Atafute mtu wa saa chache arudiye kwao jioni, au washirikiane majirani wawili, au jamaa wagawane kazi. Umaskini wa tajiri haulipwi na umaskini wa mtumishi.

NENO KWA WAZAZI

Enyi wazazi wa Lupembe, nusu ya dawa i mikononi mwetu. Binti asipande gari Makambako kabla hatujajua jina la tajiri, mahali akaapo, namba yake ya simu, kiasi cha mshahara, na ni nani atakayelipa nauli ya kurudi. Maneno hayo yaandikwe karatasi mbili mbele ya mtendaji wa kijiji. Mshahara alipwe kila mwezi kwa simu, kwa jina lake mwenyewe, wala usiwekwe kwa tajiri wala kwa wakala. Na binti awe na nauli ya kurudi iliyofichwa, ambayo haigusi kwa jambo lolote jingine. Mwenye nauli mfukoni halazimiki kulala katika nyumba asiyotakiwa.

Bwana Mwenyekiti, naleta mbele ya mkutano mashauri matatu: kila mwanachama aliye na mtumishi ampe karatasi ya masharti kabla ya mwisho wa mwezi ujao, chama kiandike mfano mmoja wa karatasi hiyo kwa Kiswahili chepesi na kuupeleka kwa watendaji wa vijiji vyote vya tarafa, na tuchague wanachama wawili watakaowasaidia wazazi kupiga hesabu na kuandika malalamiko pale binti zao wanapokwama mjini.

Mtu aliyeingia nyumbani mwetu kwa mlango wa mbele, akashika watoto wetu, hafai kutolewa kwa dirisha. Na atoke kwa mlango uleule, fedha zake mkononi na vitu vyake mbele yake, ili akikutana nasi mwakani gulioni tuweze kusalimiana.